Roboti ya kupipeti, wiki ya sita: maji yalinidanganya

Jana nimeipa roboti ya kupipeti, yaani ya kuvuta na kumimina majimaji kwa vipimo vidogo, kazi yenyewe: kusafisha DNA kwa chembe za sumaku ambazo DNA hunata juu yake, hatua inayorudiwa mara kadhaa kabla sampuli haijafaa kuingia kwenye mashine ya kusoma mfuatano. Sampuli 24, safu tatu za visima vinane, vile vishimo vya sahani ya maabara.

Kwa maji ilikuwa imefaulu. Niliipima kwa mizani: mikrolita 100 za maji ni karibu miligramu 100, na haikukosea hata kwa mbili. Nikajisifu mapema. Majimaji ya zile chembe yana polietilini glaikoli, mazito kama shira. Roboti ikavuta kwa kasi ileile, ncha zikapanda nusu zimejaa hewa. Isitoshe, chembe zilikuwa zimetuama, basi safu ya kwanza ikapata rangi ya chai ya rangi, ya tatu tope jeusi.

Na hapa hakuna mzaha. Naweka mikrolita 40 kwenye sampuli ya 50, yaani uwiano wa 0.8, na uwiano huo ndio unaoamua vipande vya DNA vya urefu gani vishikwe na vipi vimwagwe. Ukipunja, unapoteza hata vipande ulivyovitaka.

Nimeshusha kasi ya kuvuta hadi robo. Ncha inasubiri sekunde mbili ndani ya majimaji, inapanda taratibu, inagusa ukuta wa kisima. Kabla ya kila safu inakoroga mara kumi. Inachosha kuitazama, lakini safu zote sasa zina rangi moja.

Ethanoli ya asilimia 80, ya kuoshea chembe, ina ukorofi wake: inadondoka njiani. Dawa yake ni kuvuta hewa kidogo baada ya ethanoli, iwe kizibo.

Kilichobaki kuniudhi ni ukaushaji. Roboti ikifika safu ya tatu, chembe za safu ya kwanza zimeshapasuka kama udongo wa kiangazi, na zikifika hapo DNA haiachii vizuri. Nimeandika upya programu: kila safu ina saa yake, ikikauka inapewa papo hapo bafa, majimaji ya kuiachisha DNA kutoka kwenye chembe. Mkono wa mtu hufanya hivyo bila kuambiwa.

Kesho napima uchafuzi, yaani kama DNA inavuka kisima hadi kisima: DNA na maji matupu kwa kupishana, kama ubao wa drafti. Visima vya maji nimeshavitia alama ya kalamu nyekundu.