Nilivyojifunza kumwachia mwanangu nafasi

Kwa karibu miaka miwili baada ya mwanangu kuruhusiwa kutoka wodini, nililala kitini nje ya chumba chake, mlango nikiuacha wazi ili nisikie anavyopumua. Dawa nilimpa mkononi, kisha nikamtaka apanue mdomo na kuinua ulimi nihakikishe amemeza; naye alikuwa mtu mzima wa miaka 26. Niliacha kazi, nikaacha hata kwenda misibani, na kila aliponyamaza nililia mbele yake nikidhani skizofrenia, ugonjwa wake wa akili, imemrudia upya.

Muuguzi wa afya ya akili aliyekuwa akitutembelea ndiye aliyeniambia kwamba hali yangu ina jina: kuhusika kihisia kupita kiasi. Alinieleza kuwa tafiti zilizoanzishwa London na mtafiti George Brown katika miaka ya 1950 zilionyesha kwamba wagonjwa wanaorudi katika nyumba zenye lawama, uhasama au ulezi wa kubana namna ile huugua tena mara nyingi zaidi, na kwamba mwaka 1976 watafiti Vaughn na Leff walihesabu hata saa za kukaa uso kwa uso na mgonjwa, wakiweka mpaka kwenye saa 35 kwa wiki. Mimi nilizifikisha kabla ya Alhamisi. Nilichukia, nikaona naambiwa kuwa ndimi niliyemfanya augue, lakini alisisitiza kwamba ulezi huo hausababishi ugonjwa, na kwamba mara nyingi hofu ya ugonjwa ndiyo inayozaa ulezi wa namna hiyo.

Tulianza na dawa. Mwanangu alipewa kijisanduku chenye vyumba saba akijaze mwenyewe kila Jumapili, nami nikaruhusiwa kukikagua Jumamosi jioni tu. Wiki ya tatu nikakuta kidonge cha Alhamisi bado kipo. Mikono ilinitetemeka. Nilisubiri mpaka wakati wa chai ndipo nikamwuliza.

“Nilisahau, mama,” akajibu. “Ijumaa sikusahau.”

Tulikubaliana pia, sote watatu, dalili ambazo nikiziona nitapiga simu kliniki bila kumficha: akikosa usingizi siku mbili mfululizo, au akianza kujibu sauti tusizozisikia. Mengine yote, pamoja na kimya chake, nisiyaguse. Hilo la kimya ndilo lililonishinda kwa muda mrefu zaidi.

Bado huamka saa tisa usiku. Huenda jikoni, nikanywa maji, nikarudi kulala bila kupita mlangoni kwake.