Sambaza zilizoliwa mbele ya kupimwa mara ya pili

Mpaka leo nikipita Nyawera, hapa Bukavu, asubuhi na kuona wamama na mabeseni ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, mukono wangu unatafuta rula. Sicheki. Nilipima sambaza miezi mitano mizima, na wala sikuwa mwanafunzi wa biyoloji, nilikuwa G3 (mwaka wa tatu wa gradua) ya lugha, mutu wa mashairi na kamusi.

Chuo chetu kilikuwa kidogo (jina naliacha, juu humu ndani kuna mambo ya aibu, na aibu yenyewe ni yangu). Tulikuwa watu 11 ndani ya oditwari iliyojengwa kwa watu 80, kwa hiyo hakuna kujificha, ukikosa somo Prof anakutana na mama yako Kadutu na anamuuliza kama umepona. Lakini udogo ule njo ulizaa hii kazi. Prof wetu wa lugha na Prof wa biyoloji walikuwa wanakunywa chai pamoja kila siku, si kwa urafiki sana, ni kwa sababu meza ya walimu ilikuwa moja tu. Huyu wa samaki alitaka kujua kama sambaza za upande wa Bukavu zinavuliwa zingali ndogo, kabla hazijazaa. Yule wa lugha alitaka maneno ya wavuvi, ya nyavu, ya upepo, ya mwezi. Wakaona wavuvi ni walewale, tuende mara moja. Na kwa kuwa hapakuwa na mwanafunzi wa doktora hata mmoja wa kutuma, wakatuchukua sisi watoto wa gradua.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba huko Marekani kuna vyuo vidogo vinavyofanya hivyo kwa makusudi, vile ambako mutu anaonja filozofia, hesabu, muziki na sayansi mbele ya kuchagua njia yake. Wengi wao hawana wanafunzi wa doktora, basi profesa anaingia laboratwari na mutoto wa miaka 19. Toka 1978 wana hata shirika lao, Council on Undergraduate Research, lililoanzishwa na walimu wa kemia wa vyuo vya aina hiyo. Na vakansi nyingine wanafunzi wanapewa pesa ya kazi! Sisi tulilipiwa moto (pikipiki) ya kwenda na kurudi, na mwezi ambao mushahara wa Prof umeingia, Fanta.

Kwa wasio wa Kivu: sambaza si mwenyeji hapa. Zamani katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula vile vidudu vidogo vinavyoelea majini, njo kati ya 1958 na 1960 wakaleta sambaza kutoka ziwa Tanganyika. Ziwa lina mita 485 kwenda chini lakini ukipita mita kama 60 ao 70 oksijeni imeisha, huko chini ni gesi. Ni kama jumba la ghorofa nyingi ambalo wapangaji wote wamebanana ghorofa ya juu. Usiku wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanawasha taa, sambaza zinafuata mwangaza, wanavuta wavu huku wanaimba. Mwezi ukiwa mzima wanalala nyumbani, taa inamdanganya nani tena.

Na Prof alitukataza mapema kujiona tumegundua dunia, alisema mutafiti Kaningini alishaandika tezi yake ya doktora mwaka 1995 juu ya sambaza za ziwa upande wa Bukavu, namna zinakua, namna zinazaa, sisi tunaongeza jiwe tu.

Sasa aibu. Kazi ilikuwa hivi: saa kumi na mbili asubuhi uko ukingoni, unanunua kopo moja bila kuchagua, unapima kila sambaza kwa milimita, unaandika. Musichana wa biyoloji niliyekuwa naye alishikwa na malaria, nikabaki peke yangu wiki mbili. Nilipima taratibu, mwandiko safi kabisa, toka puani mpaka ncha ya mukia. Kumbe yeye siku zote alikuwa anapima toka puani mpaka pale nyama inaishia, mukia unaachwa nje! Hakuna aliyeniambia kwamba samaki ana urefu zaidi ya mmoja. Kwangu mimi urefu ni urefu.

Prof akachora grafiki, akakuta zile wiki mbili sambaza za Bukavu zimerefuka kwa zaidi ya santimita moja. Akachangamka! Akaanza kutuelezea upepo wa kiangazi, namna kuanzia mwezi wa 6 unachanganya maji na chakula kinapanda toka chini, yaani somo zuri sana, mpaka leo nalikumbuka, lilisimama juu ya mikia yangu. Siku musichana aliporudi aliangalia karatasi zangu kimya, kiisha akaniuliza pole pole, «Yaya, na mukia uliuhesabu?»

Tukaenda kumuambia. Alisema tu, «Si kitu, leteni zile samaki tuzipime tena.»

Ziko wapi? Formoli ya kuzihifadhia ilikuwa imeisha toka mwezi uliopita, kwa hiyo kila nikimaliza kupima nilikuwa nampa mama mwenye nyumba wangu, naye anakaanga, na mimi pia nakula. Sambaza 212. Prof alivua miwani, akaipangusa, akairudisha. Nilidhani nimefukuzwa. Kesho yake alinunua kopo mbili kwa pesa yake, akakaa nasi kwenye meza, mikono inanuka samaki kama yetu, tukapima kila sambaza mara mbili, na mukia na bila mukia, ili kupata hesabu ya kugeuza namba zangu. Na kwenye ripoti aliandika wazi ni wiki gani zilizogeuzwa na kwa nini, akaongeza kwamba kosa ni lake, hakumuonyesha mwanafunzi namna ya kupima. Nilisoma ile sentensi labda mara kumi. Rafiki yangu wa chuo kingine, kikubwa, alimuona direktere wa kazi yake mara mbili tu, mara ya pili ikiwa siku ya difansi, na akaulizwa jina.

Mimi nami nilipata siku yangu. Maswali yetu yalitoka kwenye Kifaransa na yalisema «Je, samaki wamepunguka?» Mzee mmoja muvuvi aliniangalia, akasema, «Unauliza samaki ao sambaza?» Kwake samaki ni tilapia. Sambaza ni sambaza. Siku tatu za majibu zilikuwa za mambo mengine kabisa, na safari hii ni Prof wa biyoloji aliyekaa chini kuandika upya maswali, mimi namtajia neno kwa neno.

Mama mwenye nyumba nilihama kwake zamani. Juzi nimekutana naye Kadutu, hata salamu hakumaliza: «Ile masomo yenu ya sambaza, munaanza tena lini?»