Sindano kwanza, kompyuta baadaye

Kirumba, Mwanza. Jumamosi jioni.

Anayetaka kuhamishia santuri zake kwenye kompyuta, swali lake la kwanza huwa ni programu. Programu ndiyo kazi nyepesi kuliko zote: Audacity ni ya bure na inatosha. Kila nikilitafakari jambo hili naona kwamba uzuri wa sauti unaamuliwa mapema, pale ncha ya sindano inapogusa mfereji wa sahani, yaani santuri yenyewe. Uchafu ukishasomwa pamoja na muziki, hakuna kitufe kitakachovitenganisha bila kuumiza gitaa.

Kwa hiyo tuanze na usafi. Sahani zilizokaa miaka kwenye nyumba za kando ya ziwa zina vumbi lililoganda kwa unyevu. Maji ya bomba yakikauka huacha madini mferejini. Bora yale maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta, ila soma chupa vizuri, maana na asidi huuzwa hapo hapo. Tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, futa kwa kufuata mzunguko wa mfereji, kisha suuza kwa maji matupu. Lebo isilowe. Spiriti usiiguse kabisa kwa zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika: zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha. Hizo pia zinataka sindano yake, nene, kama maikroni 75. Ya sahani za 45 na 33 ni karibu maikroni 18.

Wengi hupunguza uzito wa mkono unaobeba sindano wakidhani wanaihurumia sahani. Ni kinyume. Sindano nyepesi mno hurukaruka mferejini na kuumega ukingo wake. Fuata uzito ulioandikwa na mtengenezaji wa sindano, mara nyingi kati ya gramu 1.5 na 3.

Kisha uinamie sahani na kuutazama mkono kwa ubavu wakati muziki unapiga. Ukiona unayumba kushoto na kulia kila mzunguko, tundu halikukaa katikati, na ndiyo maana sauti za waimbaji zinapepea. Sahani ndogo zenye tundu kubwa zinatibika: toa kile kitovu cha plastiki, isogeze sahani kidogo kidogo kwa kidole huku imesimama, jaribu tena mpaka mkono utulie.

Sauti inayotoka kwenye sindano ni ya milivolti chache, na besi yake ilipunguzwa makusudi wakati wa kukata sahani. Lazima ipite kwenye kikuza sauti cha foni, kinachoikuza na kuirudishia besi, kabla ya kufika kwenye kompyuta. Ukisikia sauti nyembamba kama ya redio ya simu, kikuza hicho hakipo. Ukisikia besi inayobwabwaja na kukoroma, umekipitia mara mbili. Mashine nyingi za santuri za siku hizi zina swichi ya PHONO na LINE kwa nyuma, angalia hapo kwanza.

Tundu la maiki la laptopu halifai, kwa kawaida hupokea upande mmoja tu wa stirio. Nunua kadi ya sauti ya USB yenye matundu ya RCA, yale mawili ya duara, jekundu na jeupe. Ukisikia mvumo mzito usiokatika, ni umeme wetu wa hezi 50: funga waya mwembamba wa ardhi wa mashine kwenye kikuza, na chomoa chaja ya laptopu wakati wa kurekodi. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, takriban MB 17 kwa dakika, kilele cha sauti kisizidi desibeli -6. Sauti iliyogonga juu na kukatwa hairudi. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana bila kupoteza sauti. MP3 iwe ya kutumiana WhatsApp tu.

Nyimbo nyingi za dansi za Afrika Mashariki ziligawanywa, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Kishawishi cha kuziunga ni kikubwa, na mimi naupenda wimbo mzima kama mtu mwingine yeyote. Ziunge kwenye nakala ya kusikiliza. Faili za hifadhi zibaki mbili, bila kusafishwa kelele, na jina la faili libebe namba ya lebo pamoja na upande.

Kaseti ni habari nyingine. Yenye ukungu mweupe usiipige, itachafua kichwa cha deki kinachosoma utepe na kuambukiza zinazofuata. Nyingine zote, zungusha taratibu skrubu ndogo ya pembeni ya kichwa mpaka sauti kali za matoazi zing'ae, na ufanye hivyo kwa kila kaseti, kwa sababu kila moja ilirekodiwa kwenye deki yake. Zilizorekodiwa redioni zina mtangazaji anayeongea juu ya wimbo. Usimkate. Mara nyingi ndiye pekee anayetaja bendi, maana juu ya kaseti yenyewe hakuna aliyeandika kitu.