Final Fantasy VIII: gemu moja, wachezaji wasioelewana

Final Fantasy VIII lilitoka Japani tarehe 11 Februari 1999, na tangu hapo mashabiki wa mfululizo huu hawajawahi kukubaliana juu yake. Huyu anasema linachosha, pambano zima mtu anachota uchawi kwa mdudu mpaka kidole kinauma. Yule anasema ni jepesi mno, bosi anaanguka kabla hajajipanga. Wote wawili wanasema kweli. Kilichowatenganisha ni njia waliyotumia kujaza akiba ya uchawi.

Hapa hakuna MP, yaani pointi za kurushia uchawi. Uchawi unahesabika kama bidhaa ghalani: kila mhusika anabeba hadi 100 wa kila aina. Akishapewa GF (kiumbe msaidizi anayeitwa vitani), uchawi huo unaunganishwa na HP (uhai), Str (nguvu za mwili), Mag (nguvu za uchawi) na kadhalika kupitia mfumo wa Junction, na kadiri akiba inavyojaa ndivyo namba zake zinavyopanda. Ukiutumia vitani, zinashuka. Ndiyo maana wengi wanalalamika kwamba wana uchawi mkali ambao hawathubutu kuurusha. Lalamiko hilo lina haki, japo dawa yake ni rahisi: unganisha aina moja, rusha nyingine.

Tatizo kubwa ni Draw, amri ya kuchota uchawi kwa adui. Amri hiyo inakupa uchawi usiozidi 9 kwa mara moja, na katika hatua za mwanzo mara nyingi ni 2 au 3. Zidisha kwa watu watatu, kisha kwa aina tano za uchawi, utaelewa kwa nini kuna waliozima konsoli kabla hata ya kumaliza diski ya kwanza. Mafunzo ya mwanzo yanaisisitiza Draw kana kwamba hakuna njia nyingine. Huo ni ufundishaji mbaya, na naamini nusu ya chuki dhidi ya gemu hili imezaliwa pale.

Njia nyingine ni kugeuza vitu kuwa uchawi. GF mbili za mwanzo, Quezacotl na Shiva, unazipata kwenye dawati la Squall, mhusika mkuu, darasani katika shule yake ya Balamb Garden. GF nyingine, Siren, unaichota kwa Elvoret, bosi wa juu ya mnara wa Dollet. Iamuru Siren ijifunze L Mag-RF, uwezo wa kugeuza vitu kuwa uchawi wa kuponya, kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Ikishamaliza, Tent (hema la kupumzikia) moja inageuka Curaga 10, uchawi mkubwa wa kuponya. Tent kumi zinakupa Curaga 100, na hizo zikiunganishwa na HP zinaongeza 2200, wakati mhusika mwenyewe bado ana HP za mamia tu. Kwa upande wa Str, mtazame Quezacotl: uwezo wake wa Card Mod unageuza kadi ya mnyama Abyss Worm kuwa kitu kiitwacho Windmill, na T Mag-RF inageuza Windmill moja kuwa uchawi wa Tornado 20. Kadi tano, Tornado 100, na hujachota hata mara moja. Anayependa kadi za Triple Triad, mchezo wa kadi uliomo ndani ya gemu, huona raha tupu; asiyezipenda hulazimika kuzicheza, na hapo sina la kumtetea msanifu.

Pesa nazo zinawachanganya wageni. Wanyama hawadondoshi gil, sarafu ya humu. Unalipwa mshahara kadiri unavyotembea, kulingana na cheo chako cha SeeD, kikosi cha askari wa kukodiwa cha Squall, na cheo kinapanda kwa mitihani iliyomo kwenye menyu ya Tutorial: maswali kumi ya ndiyo au hapana. Idadi ya mitihani unayoruhusiwa inafuata leveli ya Squall, kwa hiyo fanya kila unaporuhusiwa.

Kosa linalowaponza wazoefu wa magemu mengine ya aina hii ni kukimbilia leveli. Bosi amekushinda, unarudi porini kupiga wanyama saa mbili. Humu kila leveli inahitaji EXP (pointi za uzoefu) 1000, na wanyama wanapanda kufuata wastani wa kikosi chako. Umepanda, wamepanda, na akiba yako ya uchawi iko palepale. Kwa hesabu hiyo umejidhoofisha. Wajanja wanatumia amri ya Card: mnyama anageuka kadi, GF wanapata AP (pointi za kujifunzia uwezo), nyie hampati EXP. Mabosi nao hutoa AP bila EXP. Ila leveli ya chini ina gharama yake: wanyama wa leveli ndogo wana uchawi hafifu wa kuchotwa, na mitihani ya SeeD inakufungia.

Wanaosema gemu ni jepesi wana hoja nzito zaidi kwenye Limit Break, shambulio kali la mtu aliye karibu kuanguka. HP ya Squall ikishuka mpaka namba yake iwe njano, unabonyeza kitufe cha kupisha zamu mpaka mshale wa Limit utokee, kisha Renzokuken, Limit Break yake, inamaliza kazi. Wakati mwingi njano hiyo ni salama kuliko HP iliyojaa. Watetezi hujibu, “Basi usiitumie.” Jibu hilo halinitoshi, mchezaji akilazimika kujifunga mikono ili apate ushindani, mizani imeharibika.

Kuhusu hadithi, hakuna mbinu ya kusuluhisha. Kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa Trabia Garden, Irvine, mwenzake Squall, anafichua kwamba wana kikosi wote, isipokuwa msichana Rinoa, walikulia kituo kimoja cha yatima, na GF ndizo zilizowafutia kumbukumbu. Wapo wanaoona huo ni uvivu wa mwandishi. Mimi naona gharama ya GF ilidokezwa mapema, ila ufichuzi wenyewe umerundikwa mahali pamoja. Kuna pia nadharia kwamba Squall alikufa mwisho wa diski ya kwanza na yote yaliyofuata ni ndoto. Yoshinori Kitase, mwongozaji, ameikana. Wenye nadharia yao hawajali.

Toleo la Remastered la 2019 linaongeza kasi mara tatu, na hapo Draw inavumilika hata kwa asiye na subira. Watu wamechorwa upya, lakini mandhari za nyuma zimebaki za zamani, hivyo Squall anang'aa mbele ya ukuta wenye ukungu. Toleo hilo pia lina kitufe cha kuzima mapambano ya njiani. Kitumie ukiwa na haraka, ila jua kwamba bila mapambano GF hazipati AP, na L Mag-RF haitajifunzwa yenyewe.

Na ukisahau kuichota Siren kule Dollet, usifute faili. Tri-Point, mmoja wa mabosi wa ngome ya Ultimecia, anayo. Ubaya ni kwamba hiyo ni diski ya nne, na hitaji lako la Curaga lilikuwa diski ya kwanza.