Karatasi ya Mapokezi

Lubumbashi, Jumapili jioni. Joto la Oktoba halijapungua, jakaranda zinamwaga maua juu ya magari yaliyoegeshwa, na mvua ya kwanza haiko mbali. Majira haya mapokezi ya garaji za magari ya kifahari hujaa watu waliokunja uso. Kiyoyozi kipo, viti vya ngozi vipo, kahawa ni ya bure. Fakturi, ile hati ya malipo, ndiyo haimezeki.

Wengi husema wanaibiwa. Wizi upo, sikatai, lakini kila nikiwaza naona hasira nyingi huzaliwa mapema zaidi, kabla gari halijapandishwa kwenye jeki. Huzaliwa kwenye ile karatasi ya mapokezi.

Mteja anafika na maelezo yaliyokamilika: mlio uko mbele kushoto, unasikika asubuhi gari likiwa baridi, likipita kwenye matuta kwa mwendo mdogo, na baada ya robo saa unapotea. Mpokezi anasikiliza kwa adabu zote: "Ndiyo Papa, muache motokari, tutaangalia." Kisha anaandika maneno mawili: *Kelele mbele.* Hayo mawili ndiyo yatakayoshuka atelye, kwenye karakana ya mafundi. Fundi hamwoni mteja. Analichukua gari saa nane mchana, jua limelichemsha, analizungusha mtaani mara moja, hasikii kitu. Jioni karatasi inarudi imeandikwa kwamba hakuna tatizo lililoonekana, na saa moja ya uchunguzi inalipwa. Hapo hakuna aliyedanganya, ila mpira uliokauka kwenye mkono wa chini unaoshika gurudumu hulia ukiwa baridi na hunyamaza ukipata joto, na hilo lilibaki mdomoni mwa mteja.

Kwa hiyo karatasi iandike mwenyewe, au simama hadi iandikwe. Moto au baridi. Mwendo gani, kwa mfano kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Likasi, au kutambaa tu getini. Ukikanyaga breki au ukiachia. Taa ipi iliwaka, ya njano au nyekundu, na kama ilizimika yenyewe. Tatizo likiwa la asubuhi, gari lilale garajini na hilo liandikwe pia: "liwashwe likiwa limelala usiku kucha". Na uombe dakika 10 barabarani na fundi mwenyewe. Mpokezi atasema si utaratibu wao. Omba tena, shefu wa atelye huwa hakatai akiombwa na mtu aliyesimama mbele yake.

Jambo la pili linalochoma watu ni saa za kazi. Gari limeingia saa tatu, limetoka saa sita, fakturi inasema kazi ya saa 5. Hizo ni saa za kitabu. Kila kiwanda hutoa jedwali linaloonyesha kazi fulani ni saa ngapi, na garaji hutoza jedwali, si saa ya ukutani. Fundi akiwa mwepesi, faida ni yao; akikwama kwenye bolti iliyoshika kutu, hasara inapaswa kuwa yao pia. Mimi sioni dhambi hapo. Dhambi iko kwenye kazi mbili zinazotumia ufunguaji mmoja. Ukibadilisha pampu ya maji na kikaza mkanda kwa pamoja, feni na mkanda vinatolewa mara moja tu, lakini fakturi ya uvivu hujumlisha jedwali la kwanza na jedwali la pili kana kwamba gari lilifungwa likafunguliwa upya. Kwenye devi, ile karatasi ya makadirio ya bei, kabla ya kutia sahihi, uliza: hizi saa zinaingiliana wapi?

Halafu kuna valizi, ile mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Watu wanaiogopa kama mganga. Valizi husema kompyuta imeona nini. Haisemi kitu gani kimekufa. Chukua P0087, maarufu sana kwenye dizeli za huku: ni namba ya kosa inayosema presha kwenye reli ya mafuta, lile bomba linalolisha injekta, iko chini mno. Garaji yenye haraka inasoma hivyo na kuandika devi ya pampu ya presha kubwa. Lakini presha hushuka kwa sababu nyingi, na utaratibu wa kutafuta unaanzia kwenye kitu cha bei ndogo. Kwanza filta ya mazutu, yaani dizeli: itolewe, imwagwe kwenye chupa safi, iachwe itulie, maji hukaa chini, tope huonekana kwa macho. Pili, presha ndogo inayotoka tangini, kwa sababu pampu kubwa haiwezi kusukuma isichopewa. Tatu, marejeo ya injekta, yaani mafuta ambayo injekta huyarudisha: kila injekta inafungiwa mrija na kichupa chake, moteri inanguruma dakika chache, vichupa vinalinganishwa. Kinachojaa mbele ya wenzake kimemtaja mwizi. Nne, valvu inayoongoza presha. Pampu ndiyo ya mwisho. Filta unailipa kwa pesa ya mfukoni, pampu unakwenda kwanza kuzungumza na watu wa nyumbani. Kwa hiyo usilipe devi ya pampu bila kuonyeshwa vichupa.

Na injekta mpya ikishafungwa, kazi haijaisha. Kwenye moteri nyingi za kisasa, juu ya kila injekta kuna msururu wa herufi na tarakimu unaoeleza tabia yake, na lazima uingizwe kwenye kompyuta, kila mmoja kwa silinda yake. Fundi akiruka hatua hiyo, gari linatikisika likisimama, linatoa moshi, na mteja anarudi akiamini ameuziwa injekta za bandia.

Vivyo hivyo bateri ya BMW nyingi za tangu miaka ya 2000: isipoandikishwa kwenye kompyuta, gari huendelea kuichaji kama lilivyoizoea ile iliyozeeka, na mpya haikai. Ni kazi ya dakika chache, na husahaulika kila siku.

Neno moja kuhusu kupakia programu mpya. Wakati kompyuta ya gari inaandikwa upya, umeme wake unapaswa kutulia, bila kuyumba, mpaka mwisho. Kuna chaja maalumu kwa kazi hiyo, nayo inachomekwa ukutani. Umeme wa mji ukikatika katikati, kompyuta inaweza kubaki nusu imeandikwa na gari lisiwake tena. Mteja atasikia tu kwamba "kompyuta ilikuwa mbovu tayari". Uliza kabla: chaja yenu iko kwenye umeme gani, na ukikatika nini kinashika?

Lakini ugomvi mkubwa kuliko wote ni gari lenye mito ya hewa badala ya springi za chuma. Range Rover, Mercedes GL, na nyingine za aina hiyo. Asubuhi unalikuta limepiga magoti upande mmoja kama ngamia. Unawasha, linasimama taratibu, unasahau. Wiki kadhaa baadaye taa ya njano inawaka na gari haliinuki tena. Garaji inasoma valizi: kompresa, ile pampu ya kujaza hewa kwenye mito, imezidi joto. Inabadilishwa kompresa. Baada ya miezi michache nayo imekufa, na garaji inasema garanti haihusu, kwa sababu iliungua kwa kufanya kazi kupita kiasi. Wanasema kweli! Ila ukweli huo walipaswa kuusema mara ya kwanza. Kompresa haikuwa mgonjwa. Mgonjwa ni mto wa hewa uliopasuka nyufa ndogo pale mpira unapojikunja, hewa inavuja usiku kucha, na kompresa inahangaika mchana kutwa kuijaza.

Kipimo chake hakihitaji valizi. Egesha gari mahali tambarare jioni. Pima kwa mita ya fundi nguo kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kwa wima, uandike namba 4. Sasa hatua ambayo wengi wanairuka: toa fyuzi ya kompyuta ya mito ya hewa. Bila hivyo, magari kadhaa huamka yenyewe usiku na kushusha pembe nzima zilingane na iliyovuja, na asubuhi utaliona limeshuka lote sawasawa usijue mwizi ni nani. Asubuhi pima tena kabla ya kufungua mlango. Pembe moja imeshuka peke yake: mto wa pembe hiyo, au kiungo cha mrija wake. Mbili za ekseli moja zimeshuka pamoja: shuku bloki ya valvu zinazogawa hewa. Zote zimebaki palepale na bado gari linasumbua: hapo ndipo kompresa inapostahili kutazamwa.

Ukishajua pembe, gari lipandishwe hadi kimo cha juu kabisa, ili ule mkunjo wa mpira ukunjuke, kisha upuliziwe maji ya sabuni. Mapovu madogo madogo yataota kama ya fufu inayochemka. Gari likiwa chini, nyufa zimejificha ndani ya mkunjo na hutaona kitu, ndiyo maana unasikia "tulipulizia sabuni, hakuna". Mto ukibadilishwa, tazama na mwenzake wa ekseli ile ile. Wamekula vumbi moja na miaka ile ile. Kompresa ikiwa imeshaungua, ibadilishwe pamoja na rilei yake, ile swichi ya umeme inayoiwasha, maana rilei ya zamani huweza kuganda na kuacha kompresa mpya ikinguruma bila kuzimwa hadi iungue. Kikaushio kilichomo ndani, zile punje za kunyonya unyevu, kikishajaa maji hupeleka unyevu kwenye valvu. Mwisho ni kusahihisha kimo kwa valizi. Fakturi ikitaja kompresa peke yake bila neno "uvujaji umepimwa", usitie sahihi.

Kusubiri piesi, yaani vipuri, nako kuna uchungu wake. Kutoka Dar es Salaam kwa lori hadi mpakani Kasumbalesa, au kutoka Durban, au kwa ndege hadi uwanja wetu wa Luano, safari ni ndefu na garaji haiwezi kuifupisha. Inachoweza ni kutoagiza kosa. Magari mawili ya mwaka mmoja na jina moja huweza kuwa na diski za breki tofauti, kwa sababu moja lilijengwa kwa ajili ya Ghuba na jingine kwa ajili ya Ulaya. Kinachotofautisha ni ile namba ya chasi yenye herufi na tarakimu 17, chini ya kioo cha mbele. Kabla ya kutoa akonti, yale malipo ya awali, taka namba ya piesi iandikwe kwenye devi. Ya Mercedes huanza na A, zikifuata tarakimu 10. Ya BMW ni tarakimu 11. Ya Toyota ni makundi mawili ya 5, yametenganishwa kwa kistari. Devi iliyoandikwa "diski mbele x 2" haijafungua katalogi, na utasubiri mara mbili. Piesi ya zamani nayo ni yako, irudi kwenye sanduku la mpya, labda kama kiwanda kinaidai kwa ajili ya garanti.

Mafuta ya moteri nayapitia haraka. "5W-30", yaani uzito wa mafuta, haitoshi kwenye fakturi, taka na idhini ya kiwanda, mfano MB 229.5 au BMW LL-01. Gari likikuambia kilomita 30,000 hadi vidange ijayo, yaani kubadilisha mafuta, linaongea kuhusu barabara za Ujerumani. Kwa vumbi letu na mafuta yetu ningekata kwenye 7,500. Na Land Cruiser ya V8 ya dizeli hunywa lita 9 na ushei, wewe unalipishwa madumu mawili ya lita 5. Kilichobaki kwenye dumu ni chako, kiwekwe kwenye buti.

Narudi kwenye maua ya jakaranda, maana mvua ikianza ndiyo yataleta wateja. Yanaoza chini ya kioo cha mbele, pale kwenye waipa, na kuziba matundu ya kutolea maji. Paa la kioo nalo lina mirija, kwa kawaida 4, mmoja kila pembe, ya mbele ikishuka ndani ya nguzo za kioo. Ikiziba, maji yanaingia chini ya zulia, kwenye nyaya, na kwenye magari mengine hadi kwenye kompyuta. Garaji itataka kubadilisha mpira wa paa. Kwanza mimina maji taratibu, nusu glasi, kwenye kila pembe ya paa lililofunguliwa. Ndani ya sekunde chache yaonekane yakitoka chini ya gari. Yakisimama, pitisha uzi wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia majani, ncha yake ikiwa imelainishwa kwa moto wa kiberiti, uusukume polepole. Usikubali wapulize kwa hewa ya kompresa: mrija huchomoka kwenye kiungo chake ndani ya nguzo, na hapo itabidi kushusha dari nzima.

Na ukishindwa, ukalipeleka, usikubali waandike "maji ndani". Iandikwe hivi: maji miguuni pa abiria wa mbele, upande wa kulia, baada ya mvua ya usiku, gari likiwa limeegeshwa pua ikitazama chini ya mteremko.