Sahani ya "Inka" yenye ng'ombe ndani

Wanaonijua wanajua nikishaanza kupekua tovuti za makumbusho usiku sitoki haraka, na safari hii kilichoninasa ni sahani ya mbao kutoka Peru, ina kina kidogo yani karibu iitwe bakuli, rangi nyekundu, njano na kijani mpaka ukingoni, halafu katikati kabisa wamechongwa ng'ombe wawili wamesimama ubavu kwa ubavu. Lebo inasema Inka, mbao, rangi. Basi, hakuna kingine.

Sasa hebu ngoja, ng'ombe? Wainka, waliotawala Peru kabla ya Wahispania, walifuga lama na alpaka (jamaa za ngamia wa huko), ng'ombe kaja na Wahispania, na Wahispania walimkamata mfalme wa Wainka, Atahualpa, pale mji wa Cajamarca Novemba 1532. Kwa hiyo fundi aliyechonga hiki chombo alikuwa tayari anaishi chini ya wageni, na hilo ndo jambo kubwa kuliko yote kuhusu hii sahani na lebo imelirukia mbali.

Na si hii tu. Vyombo vya mbao vya Wainka vinavyojulikana zaidi ni vikombe vinavyoitwa kero (ni jina lao tu, si kero ya usumbufu), walikuwa wanavichonga viwili viwili maana hunywi chicha (pombe yao ya mahindi) peke yako, unashika kimoja unampa mwenzio kingine. Vile vya kabla ya Wahispania vingi vina michoro ya kukwaruza tu, mistari na maumbo ya kona kona, basi. Hizi picha za rangi tunazozishangaa, Inka (yani mfalme mwenyewe) na ngao yake, mwanamke kashika maua, watu wa msituni na pinde zao, upinde wa mvua unaotoka mdomoni mwa puma (paka mkubwa wa porini huko), nyingi zimekuja baada ya dola ya Wainka kuanguka. Watu wameshanyang'anywa nchi ndo wanakaa kumchora mfalme wao!

Halafu hiyo rangi yenyewe aisee. Kumbe si ya kupaka kwa brashi. Kuna mti unaitwa mopa mopa, unapatikana kusini mwa Kolombia, machipukizi yake yana utomvu ambao ukiulainisha unavutika kama chingamu, sasa wanauchanganya na rangi, wanauvuta unakuwa utando mwembamba, wanakata umbo wanalotaka na kulibandika kwa joto kwenye kishimo walichokwishachonga kwenye mbao. Nyekundu nyingine inatoka kwa wadudu wadogo wanaoishi kwenye dungusi. Ndo maana baada ya miaka mia kadhaa bado inang'aa, imo ndani ya mbao, haijakaa juu juu. Ufundi wa mopa mopa bado upo mji wa Pasto, ila UNESCO mwaka 2020 waliuweka kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kulindwa haraka.

Sehemu niliyoipenda mimi ni nyeupe. Wataalamu wa makumbusho ya Metropolitan na Brooklyn, zote za New York, na wenzao walipima kero zao wakakuta kwenye baadhi nyeupe ni ya titani (aina ya metali), na nyeupe ya titani ya kiwandani ni mambo ya karne ya 20, sasa mtu wa haraka angesema feki hii au kuna mtu kaikarabati juzi. Wapi! Ni madini ya asili, yanachimbwa hukohuko kusini mwa Kolombia. Kero za mwanzo za ukoloni ndo zinayo, baadaye ikaingia nyeupe ya risasi (ile metali, si ya bunduki), kwa hiyo siku hizi nyeupe peke yake inaweza kukusaidia kukisia chombo ni cha lini.

Wakubwa nao waliona kinachoendelea. Francisco de Toledo, aliyeitawala Peru kwa niaba ya mfalme wa Hispania 1569 hadi 1581, alitoa amri watu waache kuchora ndege na wanyama kwenye vyombo vya kunywea kwa sababu, kwa maelezo yake, wanawaabudu. Amri ikatoka na mafundi wakaendelea kuchora, vyombo si hivi tunaviona, makumbusho ya Museo Inka pale mji wa Cusco, Peru, wanavyo kibao.

Mi ningepewa kuandika ile lebo ningeweka hivi: sahani ya mbao, Peru, baada ya 1532, fundi ni mjukuu wa Wainka, utomvu umetoka Kolombia, ng'ombe wametoka Hispania. Inatosha kwenye kikaratasi kilekile.