Kana isiyotoa maua

Jamani, kana (ua la bustani, canna) za hapa Dodoma nyingi zinarefuka kumpita mtu, majani mapana kama ya mgomba, lakini ua hakuna. Chanzo mara nyingi ni kivuli au shina kusongamana. Zipe jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku, na uzigawanye kila baada ya miaka 2 au 3.

Mvua za Desemba zikianza, ng'oa shina zima. Kata tunguu, lile shina nene la chini ya udongo, kwa kisu kikali, kila kipande kibaki na macho 2 au 3, yale manundu yaliyochongoka. Usifukie papo hapo! Kidonda kibichi huoza. Kianike kivulini siku moja kikauke. Fukia sentimita 10, kwenye udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva, nafasi sentimita 50.

Kiangazi weka matandazo na mwagilia chini, siyo juu ya majani. Vumbi la rangi ya chungwa mgongoni mwa jani ni ugonjwa wa kutu: kata jani, choma. Michirizi ya njano kufuata mishipa ni virusi, haina dawa. Hiyo ng'oa yote, na tafadhali usimgawie jirani vipande vya tunguu lake.